Sengi Kabula na Maua ya Saa Kumi na Mbili

Nakumbuka kofi kabla sijaikumbuka siku yenyewe, mwanangu. Lilikuwa kofi la shangazi yangu Kabula, na lilitua kwenye mkono wangu ukiwa umeshika majani niliyokuwa nimechuma kwa ajili ya mboga. Nilikuwa msichana mkubwa, wa kuposwa, na kupigwa nilikuwa nimeshakusahau. Majani yakamwagika. Sengi, maana ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita shangazi, akapiga magoti akaanza kuyaokota kama mtu anayeokota shanga zilizokatika uzi.

"Umeyaita nini haya?" akaniuliza.

"Mchunga, sengi."

"Nani kakwambia ni mchunga?"

"Yamelala chini kama mchunga. Nimeona tu ni mchunga."

"Umeona tu. Haya, vunja jani."

Nikavunja. Akaenda nyuma ya zizi akarudi na mchunga wa kweli, akauvunja mbele ya pua yangu. Ukatoa maziwa meupe. Langu halikutoa kitu ila majimaji safi, kama ya jani lolote.

"Mchunga una maziwa, huu hauna. Jani la mchunga lina meno pembeni. Hili ni refu, ukingo wake umetulia, na uti wake wa katikati ni mweupe mpaka karibu na ncha. Una macho, una vidole, na una mdomo wa kuniuliza mimi niliyekaa hapo kwenye kinu. Hukutumia hata kimoja."

Nakusimulia haya kwa hasira, mwanangu, nawe unisamehe. Nimejaribu kuyasimulia kwa upole, yakakataa. Sikusoma sana, darasa la nne ndilo lililoniona likaniaga, kwa hiyo sina maneno ya kufunika. Hasira yenyewe si ya lile kofi. Kofi lile nilistahili, na leo ningelilipia mtu anirudishie mkono ulionipiga.

Hayo yalikuwa kijijini Didia, Shinyanga, miaka ya mwisho mwisho ya Waingereza, wakati kila nyumba ilikuwa ikizungumza pamba. Baba alinipeleka nikakae na dada yake kwa sababu alikuwa amebaki peke yake. Mumewe, Mzee Shija, alikwenda kutafuta kazi kwenye machimbo ya dhahabu Geita. Hakuwekwa shimoni, aliwekwa bustanini, kwenye nyumba ya bwana mmoja mzungu. Huko alijifunza maua. Watu wa kwao walimcheka sana, kwamba wenzake wanatoka Geita na baiskeli yeye katoka na majina ya maua. Alirudi akiwa na kikohozi na fundo la kitambaa, na ndani ya fundo mlikuwa na mbegu ndogo nyeusi, ndogo kuliko za ulezi. Alikufa kabla ya mvua. Mtoto wao mmoja tu, Holo, alikuwa ametangulia akiwa bado ananyonya. Basi sengi akabaki Mama Holo asiye na Holo, mke wa Shija asiye na Shija, katikati ya mji wa shemeji zake, yaani boma lao. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hakuna aliyeuona uzito wake.

Mbegu zile alizipanda kama marehemu alivyomweleza, nami nitakueleza vile vile, kwa sababu kazi nzuri haipaswi kufa na mtu.

Hakuzipeleka kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambako kila mtu angezipeleka. Mbuga hushika maji, na mmea huu una mzizi mmoja mnene unaoshuka chini kama karoti, nao ukilala kwenye maji unaoza. Alichagua luseni, ule mchanga mwekundu ulio karibu na mawe, ambao shemeji yake alimwachia kwa sababu haukuwa na thamani machoni pake. Samadi hakutia. Nilipotaka kumletea ndoo ya mavi ya ng'ombe alinirudisha. "Ukiushibisha unanenepa majani, halafu unaanguka," alisema. "Huu ni mmea wa watu waliozoea shida." Alichanganya mbegu na mchanga mkavu ili zisianguke mahali pamoja, akazirusha mvua zilipoanza, kisha akazikanyaga kwa nyayo. Hakuzifukia. Mbegu ile inataka kuona mwanga ndipo iamke. Miche ilipotoka aliipunguza, akaacha kati ya mmoja na mwingine nafasi ya kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Aliyoing'oa hakuihamishia kwingine. Mmea ukishashusha mzizi wake hautaki kuhamishwa. Hilo likumbuke, maana na watu wako hivyo.

Mwaka wa kwanza hakuna ua. Mmea umelala chini, majani yametandazwa duara kama mkeka wa paka. Ndiyo hayo niliyoyachuma mimi. Kiangazi kikaja, kile cha Shinyanga kinachopasua hata visigino vya watu, na kila kitu uani kikafa isipokuwa ile mikeka ya paka. Iligeuka rangi kidogo, ikawa na wekundu, ikakaa. Mvua za pili zilipokuja, ikasimama. Ikapanda mpaka kifuani kwangu, na shina likawa na vinywele na wekundu wekundu.

Halafu likaja ua. Sengi aliniita jioni moja nikiwa natwanga. "Acha mchi," akasema. "Kaa hapa, usitazame kitu kingine." Tukakaa. Jua lilikuwa linagusa vilima. Nikaona chipukizi moja refu, limefungwa kama mwavuli, likatetemeka. Vifuniko vyake vikajikunja nyuma, na majani ya ua yakajifungua yenyewe, manne, ya njano ya siagi mpya, mbele ya macho yangu, upesi kuliko inavyochukua kufunga kitenge. Katikati palikuwa na kijiti kilichogawanyika ncha nne, kama msalaba. Harufu yake ilikuwa nyepesi, kama ya limau iliyokwaruzwa. Nondo wakaanza kuja.

"Shija aliniambia watunza bustani wa Geita wanaliita saa kumi na mbili," sengi akasema. "Alisema alikuwa akimaliza kazi, badala ya kwenda kulala anakaa kulitazama, ananikumbuka mimi. Sasa zamu yangu."

Kesho yake adhuhuri ua lile lilikuwa limelegea, limesinyaa, na jingine likawa tayari. Kila ua lina usiku wake mmoja. Tangu siku hiyo sengi alikaa pale kila jioni. Wakati mwingine alikuwa akizungumza, maneno ya kawaida tu ya mke na mume. Kwamba paa linavuja. Kwamba Minza, yaani mimi, amechoma ugali tena. Alikuwa akiomboleza kwa namna yake, bila kumsumbua mtu.

Mwaka huo ndama wa Malale walikufa.

Malale alikuwa mdogo wake Mzee Shija, mwenye mji baada ya kaka yake. Ndama walikufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, kama walivyokufa ndama wa nusu ya nchi. Lakini Malale alikuwa anautaka mchanga ule wa sengi. Watu wa pamba walikuwa wamepita wakisema pamba inakubali mchanga, na ule uliokuwa hauna thamani ukawa nayo. Akaenda kwa mganga. Mganga akapasua kuku, akatazama, akasema mjini mwenu kuna kitu kinachoamka watu wanapotaka kulala.

Mwanangu, jiulize: ni kitu gani kisichoamka watu wanapotaka kulala? Fisi anaamka. Bundi anaamka. Mlevi anaamka. Lakini Malale alishajua anachotafuta kabla kuku hajapasuliwa.

Neno likazunguka. Kuna methali siipendi, ile isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hiyo ndiyo methali ya waongo. Linakuja kwa sababu mmekaa mkiliita. Wiki moja nilisikia kisimani kwamba sengi hupanda dawa. Nikarudi kisimani tena, dawa ikawa imepata ua, ua likawa linaongea na maiti.

Sengi aliposikia hakulia wala hakutukana. Alikwenda mwenyewe kwa mwanangwa, ndiye mkuu wa kijiji kwa wakati ule, akapiga magoti akamsalimu, akamwambia, "Baba, waite watu wote waje kwangu jioni. Waone kwa macho yao. Mtu akikaa akatazama, hataogopa tena."

Hapo ndipo alipokosea, na kwa hilo sijamlaumu hata siku moja. Alidhani watu wote ni kama mimi, kwamba ukiwavunjia jani wakaona halina maziwa, basi.

Walikuja. Uwanja ulijaa. Mwanangwa aliketi kwenye kigoda, wazee kando yake, wanawake upande wa zizi. Malale alisimama. Nkwimba, jirani yetu na shoga mkubwa wa sengi, aliketi mbele kabisa na mtoto wake mgongoni, akawa anawachekesha watu. "Malale, kaa chini," alisema. "Hata ua lina aibu, haliwezi kuvua nguo umelisimamia." Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikadhani mambo yamekwisha.

Sengi akawaonyesha kila kitu. Akavunja jani. Akachimbua mmea mmoja akawaonyesha mzizi, akaung'ata mwenyewe, akatafuna, akameza. Akawaambia ulikotoka na nani aliuleta. Akasema, "Mimi hukaa hapa kwa sababu mume wangu alikaa karibu na maua haya akiwa mbali na nyumbani. Hakuna jingine." Jua likaingia. Chipukizi likatetemeka, likafunguka.

Mzee mmoja akajitemea mate kifuani kujikinga na uchawi. Mwanamke akamfunika mtoto wake uso.

"Nani amelifungua?" Malale akauliza.

"Hakuna aliyeligusa," sengi akajibu. "Mmeona wote."

"Ndiyo, tumeona wote. Hakuna mkono, hakuna upepo, na limefunguka. Mwanangwa, hata wewe umeona. Nani hufungua vitu bila mkono?"

"Jua limeondoka, ndilo lililolifungua. Ndivyo lilivyo."

"Tangu lini jua likafungua kitu kwa kuondoka? Jua likiondoka vitu hufungwa. Milango hufungwa. Hata kuku wanafungwa."

Ukitazama, mwanangu, alikuwa ameona kile kile tulichoona sisi, na kwa karibu vile vile. Lakini alikuja na jina mfukoni, akalibandika. Na waliobaki waliona uzuri ule ukawatisha, na mtu aliyetishika hushika mkono wa aliye karibu naye. Aliyekuwa karibu alikuwa Malale. Mwanangwa alikuwa mtu mwenye akili. Nilimtazama usoni, nikaona anajua. Akatazama watu, akaona ni wengi, akasema, "Wazee watakaa."

Wazee walikaa usiku ule ule. Uamuzi wao ulikuwa ule wa zamani, wa kumtenga mtu. Asipewe moto. Labda wewe wa leo hujui maana yake, kwa kuwa una kiberiti. Hata sengi alikuwa na kiberiti, alichonunua duka la Mhindi, na asubuhi yake alinionyesha akitabasamu, akasema, "Wamechelewa, huu umeshapikwa kiwandani." Lakini moto ni jina tu. Ukinyimwa moto umenyimwa salamu. Umenyimwa wa kukusaidia kulima, wa kukutwisha ndoo, wa kukuchimbia kaburi.

Asubuhi ile ile nilikwenda kisimani nikamkuta Nkwimba. Nikamwambia, "Mwangaluka, mayu," kama nilivyomsalimu kila siku. Akageuza uso. Akatwishana ndoo na mwingine, akapita karibu yangu mpaka kanga yake ikanigusa. Mtu huyu alikuwa amekula chungu kimoja na sengi. Malale nilimchukia, ndiyo, lakini Malale alikuwa na sababu yake, ya wizi. Nkwimba hakuwa na sababu yoyote. Alikuwa ametuchekesha jana. Mpaka leo nikiwaka hasira usiku, uso ninaouona ni wake, sio wa Malale.

Nilirudi mbio, nikamwambia sengi kwamba nitachoma zizi la Malale na majani yote ya ng'ombe yaliyokuwa yamerundikwa pale. Nilikuwa nasema kweli. Kijinga cha moto nilikuwa nimeshakitoa jikoni.

Sengi akanishika mkono, mkono ule ule aliowahi kuupiga, safari hii hakuupiga. "Rudisha mekoni," akasema. "Hasira ni kitu cha kulimia, Minza, sio cha kuchomea. Ukichoma, kesho watasema ndiyo, tulijua. Utakuwa umewapa ushahidi ambao hawakuwa nao. Nawe utakuwa umewafanya wakweli."

"Basi nifanye nini?"

"Ubaki nayo. Usiipoze. Lakini uiseme kwa mdomo, mchana, mbele za watu. Mimi nimesema, wamenikataa. Siku moja utasema wewe."

Hakukaa mpaka mavuno. Hawezi mtu kukaa mahali ambapo kila uso ni mgongo. Alikwenda kwa mtoto wa mama yake mdogo huko Masumbwe, upande wa Wasumbwa, na godoro la majani na sufuria mbili. Nilitaka achukue mbegu. Akakataa, akasema hawezi kuwapelekea wenyeji wake jambo litakalowasumbua. Alinipa mimi. Mimi nikarudishwa kwa baba, nikaolewa mwaka uliofuata. Sengi alifia Masumbwe akiwa bado na nguvu za kulima. Habari zilinifikia ameshazikwa. Nilikwenda, nikaonyeshwa kaburi na watu ambao hawakujua hata kwamba alikuwa anajua kuimba.

Ningependa kukwambia kwamba pamba ilimkatalia Malale kwenye mchanga ule aliouchukua. Nikikwambia hivyo nitakuwa nimekudanganya. Ilimkubali. Alinunua baiskeli, akaezeka bati, akafa mzee sana, na watu wengi walimlilia. Nkwimba naye aliishi vizuri. Dunia hailipi kila deni, na mtu anayekwambia inalipa anataka ukae kimya usubiri.

Maua ninayo. Nimeyapanda kila nilipohamia, kwenye mchanga, bila samadi. Siku hizi wanakuja vijana kuniomba mbegu, wanasema bibi ni mazuri, na baadhi yao ni wajukuu wa wale waliokaa uwanjani. Nawapa. Ninawapa na jina la Kabula pamoja nayo, nawaeleza alivyofanywa na nani alikuwepo. Wengine hawarudi. Sawa.

Lakini juzi nimesikia jambo lililonitoa kitandani. Nimesikia kwamba hapa hapa mtaani, wewe na wenzako mnapita mbele ya yule mama mzee anayekaa karibu na mashine ya kusaga bila kumsalimu, kwa kuwa macho yake ni mekundu, eti ni mchawi. Na kwamba aliyekataza asisalimiwe ni mtu mwenye kesi naye ya kiwanja. Niliposikia hivyo, mwanangu, ndipo nikakuita. Mnajua macho mekundu yanatoka wapi? Yanatoka kwenye moshi wa mavi ya ng'ombe, kwa sababu kuni amekosa wa kumkatia. Miaka sitini amepulizia moshi ule ili nyinyi na baba zenu mle. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wahenga, nanyi mmechukua nusu ya kwanza tu.

Sasa sikiliza, maana sitasema mara nyingi tena. Usikipe kitu jina kabla hujakaa chini ukakitazama, na ukishakitazama usilete jina ulilokuja nalo mfukoni. Ukisikia mtu anasemwa, uliza kwanza msemaji anataka shamba lipi. Ukiona watu wengi wamekubaliana kumgeuzia mtu mgongo, wewe geuza uso. Hata ukiwa peke yako, hata ukiogopa. Usinijie ukaniambia hukufanya lolote. Nkwimba hakufanya lolote. Kutosalimu ni kutenda, kama kupiga. Na ukikasirika kwa ajili ya mnyonge, usione haya, wala usiende kuvizia usiku. Sema mchana, kwa jina lako, wakusikie.

Leo kabla jua halijazama utakwenda kwa yule mama. Hutampelekea kitu, usije ukajifanya mfadhili. Utasimama mlangoni, utainama, utasema shikamoo, utangoja marahaba yake hata ikichelewa, maana huenda ameshaacha kuitegemea. Na Mungu akubariki, mwanangu. Akupe maisha marefu, akuzeeshe mpaka macho yako nawe yawe mekundu, na siku hiyo asikosekane mtu wa kusimama mlangoni pako.